Uniti Zimeenda Wapi? Kuishi na Mita ya Kulipia Kabla

Jioni mita ilisoma uniti 12.4. Papo hapo, bugali haujaiva, umeme ukakatika. Mama wa nyumba akahamishia sufuria kwenye jiko la makala, watu wakala, wakalala. Asubuhi mita ikasoma 5.9. Nyumba haina friji, taa ni mbili tu, na zote zilikuwa zimezimwa. Jirani wa kwanza akasema mita inaiba. Wa pili akasema kuna mtu amejiunga kwenye waya wenu.

Familia hiyo ilitoka Luberizi, kule bondeni, ikapanda mteremko wa Ngomo kuja kupanga Bukavu. Nilikaa nao tukaifuata hesabu polepole. Resho lao, yaani jiko la umeme, ni la wati 1,000. Umeme ulirudi saa tano usiku, na mama alipoamka saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuta koili imewaka nyekundu. Hayo ni masaa sita na nusu ya kilowati moja, yaani uniti 6.5. Toa kwenye 12.4, inabaki 5.9 kamili. Delestaji, yaani zamu ya kukatwa, ilikata umeme, lakini resho lilibaki limechomekwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba kila mwenye mita: umeme ukikatika, chomoa resho, pasi na hita ya maji kabla hata hujatafuta mshumaa. Acha taa moja tu ikujulishe umeme umerudi. Friji na televisheni nazo zisubiri dakika kadhaa, kwa sababu umeme unaporudi nguvu yake hupanda na kushuka kabla haijatulia. Pesa iliyopotea usiku ule inauma, lakini koili nyekundu chini ya kamba ya nguo ni hatari kubwa zaidi. Katika miteremko ya Kadutu, hapa Bukavu, nyumba ya mbao haiungui peke yake.

Umeme wenyewe hautoki mbali. Mto Ruzizi unapoacha Ziwa Kivu, kabla haujateremka kwenda bonde la Luberizi, unazungusha mitambo ya Ruzizi I, bwawa la mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989 na ambayo umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Watu ni wengi, kilichopo ni kidogo, ndiyo maana zamu za kukatwa haziishi.

Mita ya kulipia kabla kila nchi ina jina lake. Tanzania ni LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Zanzibar ni TUKUZA. Uganda ni Yaka. Rwanda na Burundi ni Cash Power, na jina hilo limevuka Ruzizi hadi kwetu. Kwa ndani karibu zote zinafuata kanuni moja iliyozaliwa Afrika Kusini. Unalipa, unapewa tokeni ya tarakimu 20, unaibonyeza kwenye mita, uniti zinaingia. Tokeni imefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, kwa hiyo haiwezi kuingia kwa jirani, na ikishaingia mara moja haiingii tena. Mita haihitaji mtandao wa simu ili kuipokea. Ukiwa na karatasi yenye tarakimu zako, hata simu ikizima, umeme wako uko mkononi.

Shida nyingi za tokeni hutokana na haraka. Namba ya mita, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 11, iandike kwa kalamu nzito ukutani, si kwenye simu peke yake. Ukikosea tarakimu moja unaponunua, unaweza kumlipia mtu mwingine. Ukinunua mara mbili, ingiza tokeni ya zamani kwanza, kwa sababu iliyokaa muda mrefu mno huenda ikakataliwa. Mita ikikataa, usibahatishe mara kumi mfululizo: nyingi hujifunga kwa muda. Mwombe mtu akusomee nne nne huku wewe unabonyeza. Na ukilipa kwa dola, uliza kiwango cha kubadilisha kabla hujatoa noti, kisha soma risiti hadi chini, kwa maana kodi na deni la zamani hukatwa kabla ya uniti kuhesabiwa.

Sasa njoo kwenye kile ninachokipenda zaidi katika mita hii. Tazama usoni mwake, utaona kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwisha. Zima na chomoa kila kitu nyumbani. Kitaa kinapaswa kutulia. Kikiendelea kupepesa, kuna kifaa ulichokisahau, au kuna waya unaotoka kwako kwenda kusikojulikana, na hapo ndipo maneno ya jirani wa pili yanastahili kuchunguzwa.

Kikitulia, chomeka kitu kimoja na uhesabu kwa dakika moja. Pasi ya wati 1,200 itakupa mara 20. Resho la wati 1,500, mara 25. Taa ya LED ya wati 10 utaisubiri dakika sita nzima ili kitaa kipepese mara moja. Watoto wa nyumba ile walihesabu kwa sauti pasi ilipochomekwa, wakaishiwa pumzi, na tangu siku hiyo nguo hupigwa pasi zote kwa pamoja mara moja kwa wiki. Balbu nayo ina hesabu yake: ile ya zamani ya wati 60, ikiwaka masaa matano kila usiku, inakula uniti 9 kwa mwezi, LED ya wati 9 inakula 1.35. Friji usiipime kwa dakika, maana huwaka na kuzima yenyewe. Soma mita saa moja asubuhi, kisha saa moja asubuhi ya kesho yake.

Wapangaji wanaotumia mita moja hugombana kila mwezi, na kugawa pesa sawasawa ni kumwonea mwenye taa mbili. Fanyeni jaribio hilo pamoja, uani, kila mlango na vifaa vyake, muandike. Mwenye nyumba akiweza kuweka mita ndogo kwa kila mlango, ni bora zaidi.

Fundi atakuja kukuambia kwamba kwa pesa kidogo anaweza kupitisha waya pembeni ya mita. Mkatalie. Waya ule huenda usiwe na kifaa cha kuukata ukizidiwa. Mita nyingi pia hujizima kifuniko kikifunguliwa, na hazirudi mpaka kampuni itoe namba maalumu.

Ukihamia kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu, uliza kama mita ilibadilishiwa ufunguo wake wa siri. Saa ya tokeni hizi ilihesabu dakika tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita iliyoachwa nyuma haipokei tokeni za leo mpaka iingizwe kwanza namba mbili za kubadilisha ufunguo, kila moja ya tarakimu 20, ambazo kampuni inayohudumia mita hiyo ndiyo huzitoa. Zidai kabla hujanunua uniti. Na siku unayopokea funguo za mlango, mbele ya mwenye nyumba, piga picha uso wa mita ukionyesha uniti zilizobaki, kisha uliza kama kuna deni.