Unene na Irabu za Mwili

Wengi wetu wa pwani tuna jamaa Nakuru. Wazee wao walipanda bara na reli, wakakaa mtaa wa Bondeni, na wajukuu wangali huko. Akija mmoja wao kututembelea naye amenenepa, sisi humwambia usoni, "Mashaallah, bara imekukubali," na akitupa kisogo twasema hajui kuizuia nafsi yake. Maneno yote mawili ni ya kutojua.

Mwaka 2007 na 2008 matabibu walipima watu zaidi ya 4,000 wa Nakuru, wote wa miaka 50 na zaidi. Katika kila 100, watu 13 walikuwa na unene wa kupita kiasi, na karibu nusu ya wote walikuwa na presha. Wa mjini waliwazidi wa mashambani. Sababu moja yaonekana kwa macho: mtu wa mjini hashiki jembe, na viazi vya kukaanga viko kila pembe. Lakini wawili hula sinia moja, mmoja akanenepa na mwenziwe asibadilike. Kwa nini?

Sehemu ya jawabu ni jeni tulizorithi, na sehemu ni alama zilizo juu yake. Mtoto wa chuoni ajua kuwa kaf, ta na ba ni herufi tatu tu. Zikitiwa irabu hivi, husomwa kataba, yaani aliandika. Zikitiwa vingine, husomwa kutiba, yaani kiliandikwa. Herufi hazikubadilika. Jeni nazo ni kama herufi, na mwili huzitia irabu zake. Mojawapo huitwa methili, nayo mara nyingi huinyamazisha jeni iliyoshikamana nayo. Elimu ya alama hizi ndiyo epijenetiki.

Irabu hizi huanza kutiwa tumboni mwa mama. Uholanzi ilipatwa na njaa kali katika baridi ya 1944 na 1945. Mwaka 2008 wataalamu walieleza kuwa waliotungwa mimba wakati ule, baada ya miaka 60, walikuwa na methili pungufu katika jeni moja ya ukuaji kuliko ndugu zao wasioipata njaa ile tumboni. Kenya nayo ilikuwa na ukame mkubwa mwaka 1984, watu wakala mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Waliokuwa matumboni siku zile leo wamepita miaka 40, na wengi wao wamezungukwa na shibe ya mjini. Basi majumbani mwetu mja mzito hupewa nini? Mara nyingi ni mabaki ya sinia, wanaume wakisha kunawa. Hatuoni haya kulitaja.

Hapa yataka hadhari, asije mtu akasema, "Nimeandikiwa na mamangu," akaongeza sahani. Utafiti uliotangazwa 2017, uliopima damu ya maelfu ya watu wa Ulaya na wa asili ya Kihindi, ulionyesha kuwa alama nyingi zinazoandamana na unene ni matokeo ya unene wenyewe, wala si chanzo chake. Mafuta nayo huandika, na baadhi ya maandishi hayo hutangulia ugonjwa wa sukari kabla haujadhihiri.

Lakini irabu huweza kufutika. Mwaka 2012 wataalamu wa Sweden waliwaendesha watu baiskeli ya mazoezi, na baada ya kuendesha mara moja tu kwa nguvu, methili ilipungua katika baadhi ya jeni za misuli yao.

Jamaa yetu wa Bondeni akija tena, tumpeleke kwanza akapimwe sukari na presha, kwa miguu ikiwezekana, kisha ndipo tumwandalie biriani.