Ndoo Saba za Maji ya Moto



Somo la leo ni amri ya tatu ya Mungu, ile ya kuitakasa siku ya Bwana, ila nitaiingilia kwa mlango wa matembezi. Najua mnavyopanga wikiendi za sikukuu: grupu la WhatsApp, michango, nani analeta spika, nani hajalipa na anajibu kwa emoji tu. Nami nilipanga yangu. Tena niliipanga vizuri, na shida ilianzia hapo hapo kwenye kupanga vizuri.

Mwaka 2024 Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba, iliangukia Jumatatu, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu mfululizo. Marafiki zangu sita wa sekondari waliamua kunitembelea Sumbawanga. Mmoja yuko benki, mmoja ni muuguzi, mmoja mwalimu, waliobaki bado wanahangaika na maisha kama vijana wengi. Mimi nilikuwa nimemaliza falsafa na nimetumwa kwa mwaka wa uchungaji katika parokia moja huku juu Ufipa. Paroko akanipa ruhusa ya siku tatu, tukakubaliana tukutane mjini, tulale gesti, tule, tucheke, turudi.

Utani ulianza kabla ya safari. "Wenzetu wanaenda Zanzibar, sisi Sumbawanga! Tukate tiketi au tupande ungo?" Niwaambie kidogo wanaotuchokoza. Watu wa hapa hulieleza jina la mji wao kwa maneno mawili: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Sasa mji unaokuambia uutupe uchawi wako kabla hujaingia ndio unaouogopa?

Walishuka stendi Jumamosi alasiri, baada ya Tunduma na zile kilomita mia mbili na ushei za kupandia huku. Mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo hata Oktoba, mvua bado, usiku unauma. Aliyetoka Dar alikuja na fulana tu, ikabidi nimwazime sweta langu la seminari. Jioni tukala ugali wa ulezi na migebuka kwa mama ntilie, tukazunguka mjini, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Sina la kusema zaidi juu yake.

Dominika tulipanga kwenda maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kwa njia ya Matai. Tulishakodi Noah. Ili tuwahi kwenda na kurudi, ilibidi tuondoke mapema, na mmoja wetu akasema kwa upole kabisa kwamba Misa tutasali wiki ijayo, Mungu anaelewa. Hapo nikavaa ufrateri wangu wote. Nikasema gari haliwashwi kabla ya Misa. Misa ya kwanza ni saa 12 asubuhi, tunaingia sote saba, tukitoka ndipo safari. Wakanung'unika, wakakubali. Nilijiona nimeokoa roho sita kwa mkupuo.

Nikaenda mapokezi. Palikuwa na dada wa rika letu, mtu wa kijiji cha pembezoni mwa Ufipa, kule nchi inakoanza kuteremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Nikamwambia: "Dada, kesho tunasali misa ya kwanza. Tunaomba maji ya moto ya kuoga saa kumi na nusu, chai saa kumi na moja, halafu chapati na mayai ya kuchemsha ya kubeba." Akaandika kwenye kidaftari. "Sawa, frateri."

Alfajiri tulikuta ndoo saba zimepangwa koridoni, moja kila mlango, mvuke unapanda. Chai tayari, chapati zimefungwa. Kwenye Misa tulikaa benchi moja. Injili ya Dominika ile, ya 28 ya Mwaka B, ilikuwa Marko 10:17-30: yule mtu mwenye mali anayemkimbilia Yesu na kupiga magoti, anayesema amri zote amezishika tangu ujana wake. Yesu anamtazama, anampenda, na kumwambia kwamba amepungukiwa na kitu kimoja. Niliisikiliza nikiwaza matajiri wa Sumbawanga ninaowafahamu. Sikuwaza mbali zaidi ya hapo.

Kalambo ni pa kwenda, jamani. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 bila kugusa kitu, na hata mwisho wa kiangazi, yakiwa yamepungua, unabaki umenyamaza. Tulipokaa kula zile chapati wakaniambia, "Haya frateri, mahubiri." Nami sikusita. Nikawapa Thoma wa Akwino, yule wa Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168. Anasema roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni furaha. Anakumbusha kisa cha kale cha Mtume Yohane: watu walikwazika kumwona akijiburudisha na wenzake, naye akamwuliza mwenye upinde kama anaweza kuuvuta mfululizo bila kuacha. Yule akajibu kwamba utavunjika. Thoma haishii hapo, anasema hata mtu asiyejua kabisa kucheza wala kucheka na wenzake, anayewabana wengine kwa ukavu wake, ana kasoro. Nikamwongeza Aristotle, aliyefundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa wa kupumzika. Wakanipigia makofi. Na yote niliyosema ni kweli, siyafuti.

Tukarudi gesti saa 2 usiku. Yule dada alikuwa bado yupo, anachochea jiko la mkaa, maji ya kuoga yanachemka. "Tumsifu Yesu Kristo, frateri." "Milele amina. Vipi, leo umesali misa ya ngapi?" Nilimwuliza kwa mazoea tu, kama ninavyowauliza vijana parokiani, na nikisema kweli, kidogo kama mkaguzi.

"Sijasali, frateri. Leo nimewahudumia nyie."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesema leo hakuna mvua. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kumpa ratiba. Ungeenda ya saa nne. "Saa nne nafua mashuka, wageni wanakuwa wametoka." Basi ya jioni. "Jioni ndiyo wanaingia wengine." Na Dominika iliyopita? "Kulikuwa na watu wa semina." Tangu Pasaka alikuwa amesali Dominika mbili. Kwao alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kigango. "Kengele huwa naisikia," akasema, akainua ndoo.

Nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa nimehesabu waliosali: saba kati ya saba. Sikumhesabu wa nane, aliyeamka saa 9 usiku kukoka moto ili sisi tuoge na kuwahi. Misa yetu ilipatikana kwa kumkosesha yeye ya kwake, na aliyetoa oda ile ni mimi, tena mapema na kwa adabu zote.

Sasa tusome vizuri. Aristotle anajua mengi juu ya wasaa, lakini ukifungua kitabu chake cha Siasa, mwanzoni tu, unakuta wasaa huo unategemea nini. Mtumwa, kwake, ni chombo chenye uhai, na anasema kama vyombo vya kufumia vingejiendesha vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Raia anapumzika kwa sababu kuna mtu jikoni ambaye hapumziki. Nimesoma ukurasa huo nikafanya na mtihani juu yake, nikafaulu. Koridoni pale, mbele ya zile ndoo, haukunijia kabisa.

Fungua sasa Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Amri ya Sabato iko mara mbili katika vitabu vya Musa. Katika Kutoka 20 sababu yake ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu sababu ni nyingine: mlikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo anayepumzika si baba mwenye nyumba peke yake. Wanatajwa mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliyemo malangoni. Na andiko linataja lengo waziwazi, kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe. Ukiisoma hivyo, kupumzika kwangu kunakomnyima mwingine pumziko kumeshaivunja amri ile ile ninayodai kuishika.

Kuna jambo jingine la kale nililipenda. Karibu mwaka 112, Plinio Mdogo, gavana wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano kuhusu Wakristo aliowakamata. Anaeleza kwamba walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko. Kati ya aliowahoji, tena kwa mateso, walikuwemo wajakazi wawili walioitwa mashemasi. Dominika haikuwa siku ya mapumziko katika dola ile mpaka sheria ya Konstantino ya mwaka 321, hivyo wengi walipaswa kuwa kazini jua likishatoka. Nikiwaza hivyo, misa ya alfajiri naiona kama urithi wa watu wa kazi, watu kama yule dada. Mimi niliigeuza kuwa misa ya watalii.

Katekisimu, namba 2187, inasema hili bila kuzunguka: kila Mkristo aepuke kuwadai wengine yasiyo ya lazima yatakayowazuia kuitunza siku ya Bwana. Inakubali kwamba kuna kazi ambazo lazima zifanyike Dominika, ila inataka kila mmoja apate wasaa wa kutosha, na inawapa waajiri na serikali wajibu huo. Hata sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Kwa hiyo usiniambie ni mambo ya mafrateri tu.

Neno la kuangalia pale ni "yasiyo ya lazima". Muuguzi wetu alinibana usiku ule ule, nilipowaita wote koridoni na kuwaeleza. "Mimi niko zamu Dominika mbili kwa mwezi. Mgonjwa niachwe nisimhudumie?" Hapana, na yeye anajua kwamba hapana. Kumgeuza mgonjwa kitandani ni lazima. Chapati za kubeba saa kumi na moja alfajiri si lazima. Tungeweza kuoga jioni. Tungeweza kununua maandazi njiani, Matai. Tungeweza kuuliza swali moja Jumamosi, "Dada, wewe kesho unasali saa ngapi?", na kupanga yetu baada ya jibu lake. Kijana, swali hilo halina gharama. Liulize gesti, liulize kwa dereva wa Noah (wetu alikaa ndani ya gari nje ya kanisa, na hilo nalo sikuliona), liulize hata nyumbani kwa dada anayewasaidia kazi.

Yule wa benki akatoa wazo la kumwongezea hela. Mwalimu akamjibu, "Mpe, ila hela haitampeleka kanisani kesho. Nani atakaa mapokezi?" Kimya. Halafu yule wa fulana, hajavua sweta langu bado, akasema: "Kesho si siku ya tatu?"

Mnajua methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962, akikumbusha kwamba hata mgeni hakuachwa ale jasho la mwenyeji bila kikomo. Na kesho yake ilikuwa siku yake, yeye ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Ilibidi tucheke.

Nikampigia mwenye gesti. Hakufurahi. Akauliza nani ataandika wageni, nani atauza maji na soda, nikasema sisi. Akanyamaza, kisha akasema kikipotea kitu ni juu yetu. Yule dada alidhani tunamtania mpaka muuguzi alipomwambia wataenda pamoja.

Jumatatu si Dominika, najua, na hakuna aliyetimiza kwa niaba yake Dominika zilizopita. Ila saa 12 na nusu asubuhi alikuwa kanisani na kitenge chake cha kwaya. Mimi sikwenda. Nilikuwa uani naosha chupa za chai, mwalimu anakoka moto, na moto wa mkaa kwa asiyeuzoea ni shughuli. Wa benki alikaa mapokezi na kitabu cha wageni, televisheni ikizungumzia kilele cha Mwenge kule Mwanza.

Aliporudi hakusema mengi. Alifungua droo, akahesabu hela mara mbili, akamtazama yule wa benki. Zilipungua shilingi 500. Alikuwa ameuza chupa kubwa ya maji kwa bei ya ndogo. Akazitoa mfukoni, dada akaziandika kwenye kidaftari, akamrudishia kalamu.