Hedifoni ya Gemu kwa Hela Kidogo: Sikilizia Kwanza, Lipa Baadaye

Kijana mwenzetu, umekusanya hela yako kidogo kidogo, pengine ya kibarua cha msimu wa pamba, na sasa unataka hedifoni yenye maiki ya kuchezea gemu kwenye kompyuta. Hakuna anayekukataza. Ila kabla hujaingia dukani pale Bariadi mjini, au hujamwagiza ndugu aliyeko Mwanza akununulie, soma kwanza somo hili.

Wengi wetu tukifika dukani huuliza bei, halafu tunaangalia taa zinazowakawaka. Swali lenye maana ni lingine: je, nikivaa hedifoni hii nitaweza kusikia gemu vizuri huku sauti ikiwa ndogo?

Kwa nini sauti ndogo?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna seli zenye vinywele vyembamba sana, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na ikizidi huziua. Pamba ukiivuna utapanda tena mwakani, lakini seli hizi zikifa hazioti tena. Na haziumi zinapokufa, ndiyo maana mtu hashtuki mapema.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kipimo. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki moja. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Sasa angalia hapa: kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifika 83 una saa 20. Ukifika 86 una saa 10. Ukifika 92 umebakiwa na saa mbili na nusu tu, tena kwa wiki nzima. Hizo mtu huzimaliza Jumamosi asubuhi kabla hajanywa hata chai!

Mwaka 2024, jarida la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 14 zilizohusu watu zaidi ya 50,000. Ilionekana kwamba wacheza gemu wengi husikiliza sauti iliyo karibu na kiwango cha hatari au inayokipita. Gemu za vita zina ubaya wake zaidi: unasikiliza kwa makini hatua za adui, sauti umeipandisha ili uzisikie, mara bomu linalipuka humo humo masikioni.

Na hesabu ya wiki haianzi unapovaa hedifoni. Kama mchana unafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mashine zile zimeshakula sehemu kubwa ya saa zako. Muziki wa harusi nao umo. Sikio halijui kelele ipi ni ya kazi na ipi ni ya starehe.

Ipi basi inafaa?

Fikiria mahali unapochezea. Ukumbi una watu kumi wanapiga kelele, feni inazunguka, au mvua inapiga bati mpaka huwezi kuongea na aliye karibu nawe. Ukivaa hedifoni nyepesi inayokaa juu juu ya sikio, kelele zote zinapita, nawe utapandisha sauti ili uzishinde. Kwa hiyo tafuta inayofunika sikio lote, na yenye mgongo uliofungwa, siyo wenye matundu. Sponji ziguse kichwa pande zote bila kuacha mwanya. Hapa ndipo hela yako iende, siyo kwenye taa. Taa hazisikiki.

Sponji zenyewe ni za aina mbili. Za ngozi bandia huzuia kelele vizuri, lakini kwa joto letu utatoka jasho, na baada ya miezi ngozi huanza kubanduka vipande vipande. Za kitambaa zina hewa zaidi ila huzuia kelele kidogo. Mimi ningechukua ya ngozi bandia ambayo sponji zake zinachomoka, ili zikichakaa ninunue nyingine badala ya kutupa hedifoni nzima. Iwe nyepesi pia. Ikifika gramu 350, shingo itakudai baada ya saa mbili.

Ukiona boksi limeandikwa 7.1, usikimbilie kuongeza hela. Hedifoni nyingi za bei ndogo zenye maandishi hayo zina spika moja tu kila upande, na huo uelekeo wa sauti unatengenezwa na programu. Windows 10 na 11 zina Windows Sonic ndani yake, na ni bure.

Bluetooth nayo inavutia kwa sababu haina waya. Lakini nyingi za bei ndogo huchelewesha sauti: unapigwa risasi kwanza, mlio unausikia baadaye. Tena ukiwasha maiki, sauti inayoingia masikioni hufifia kama ya simu ya zamani, na wewe unaipandisha. Kwa kompyuta, waya bado ni rafiki yako.

Kuhusu pini, hapa wengi huliwa hela bure. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki. Hedifoni nyingi siku hizi zina pini moja yenye mistari mitatu myeusi, kama ya simu. Ukiichomeka kwenye tundu la kijani utasikia, lakini wenzako hawatakusikia, nawe utadhani umeuziwa feki. Kinachotakiwa ni adapta ndogo yenye tundu moja na pini mbili. Iulizie papo hapo dukani. Hedifoni ya USB haina shida hiyo, maana inakuja na kadi yake ya sauti, na inafaa sana kama tundu la kompyuta yako limelegea au linatoa mvumo.

Na kama hela haitoshi kabisa? Nunua erifoni nzuri za kuingiza sikioni, zenye maiki na vizibo vya mpira. Ni afadhali hizo kuliko hedifoni kubwa mbovu. Ila usiazimane na mtu, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana, kwani uchafu na vijidudu vya sikio moja huhamia jingine. Kwenye ukumbi ambako hedifoni ni za wote, futa sponji kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kabla ya kuvaa. Mwenye usaha sikioni asivae kabisa mpaka atibiwe.

Jaribu kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji, kwa adabu, kwamba unataka kuijaribu. Ivae bila sauti yoyote na usikilize kelele za mtaani. Zimepungua? Vizuri. Weka wimbo unaoujua, sauti ikiwa nusu. Je, maneno unayapata yote? Pande zote mbili zinalia sawasawa? Tikisa waya taratibu pale unapoingia kwenye pini na pale unapoingia kwenye hedifoni, maana ndipo hukatikia. Sauti ikikatakata, rudisha. Mwisho jirekodi kwa maiki, ujisikilize. Kaa nayo kichwani dakika kumi. Muuzaji anayekataa haya yote, mwachie hedifoni yake.

Ukifika nyumbani, chagua wakati wa utulivu, panga sauti ya kompyuta isizidi asilimia 60, kisha iache hapo hapo. Hata mvua ikinyesha usiiguse. Kwenye gemu tafuta sehemu ya kupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Mara nyingi imeandikwa night mode. Kompyuta nyingi za Windows zina Loudness Equalization inayofanya kazi kama hiyo. Hatua za adui zitasikika na bomu halitakupasua. Kila saa moja vua hedifoni, toka nje kidogo.

Ukimaliza kucheza ukasikia mlio wa “nziiii” masikioni, au watu wanaongea kama wako ndani ya mtungi, sikio lako limezidiwa. Pumzika siku kadhaa bila kelele. Mlio ukiendelea, nenda kituo cha afya usikawie. Wao watakuelekeza, na ikibidi utapelekwa hospitali ya rufaa kama Bugando kule Mwanza. Sikio moja likiziba ghafla na husikii, hiyo usingoje hata kesho. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi inapoanzwa siku za mwanzo.