SOMO: DAMU HAINA KABILA

Soma: Luka 10.30-37

Watu wengi wakisikia neno shujaa hufikiri mtu wa vita. Katika somo hili tujifunze habari ya shujaa mwingine, asiyeshika silaha. Yeye hukunja mkono wa shati na kutoa damu yake kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kwa nini mtoto hupungukiwa na damu

Hapa Ituri, wengi wanaohitaji damu upesi ni watoto wadogo wenye malaria. Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zichukuazo hewa tunayovuta na kuipeleka mwilini mwote. Zikipungua sana, mtoto hupumua mbio, hulegea, naye aweza kufa siku ile ile. Tazama viganja vyake na ndani ya kope za macho. Ukiona pamekuwa peupe, usingoje kuche. Mpeleke hospitali. Vivyo hivyo mama atokwaye na damu nyingi wakati wa kuzaa.

Jambo nililoliona

Usiku mmoja baba mmoja alimleta binti yake wa miaka 2. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Tulipima damu ya baba, haikupatana. Tukapima ya mjomba, nayo haikupatana. Katika chumba cha pili alikuwako kijana aliyemwuguza mama yake. Alikuwa mtu wa kabila lililopigana na kabila la baba yule, na katika vita hivyo nyumba ya kwao iliteketezwa. Alikuja mlangoni akauliza, "Na yangu je?" Baba alitazama chini, asijibu. Kijana akasema, "Baba muuguzi, wewe pima tu." Ikapatana.

Asubuhi mtoto aliomba uji. Baba yake hakuwa na maneno mengi. Alichukua ndoo, akaenda kisimani, akamletea mama wa kijana yule maji ya kuoga.

Makundi ya damu

Damu ya watu ina makundi manne: A, B, AB na O. Tena hupimwa alama iitwayo Rhesus. Hakuna kundi liitwalo Hema, wala Lendu, wala Bira, wala Alur. Ndugu wa tumbo moja aweza asipatane nawe, na mgeni wa mbali akapatana nawe.

Sisi tunapaswa kulishika neno hili. Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2002, hospitali ya misioni ya Nyankunde, upande wa kusini-magharibi wa Bunia, ilishambuliwa. Watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao, hata wagonjwa vitandani. Wengi waliopona walikwenda kwa miguu kupitia msituni mpaka Oicha, na huko wauguzi wakaendelea kuwatunza wagonjwa. Baadaye kazi ilirudi Nyankunde. Kurudi kuosha vidonda mahali pale ulipolia, huo nao ni ushujaa.

Msamaria alifanya nini?

Msamaria alikuwa mtu wa taifa lililodharauliwa na Wayahudi. Angalia kazi yake: alisafisha vidonda, akavifunga, akamchukua mgonjwa juu ya mnyama wake, akamtunza, akalipa dinari mbili. Hiyo ni kazi ya uuguzi. Bwana Yesu hakumsifu kwa maneno yake. Alituambia twende tukafanye vivyo hivyo. Naye mwenyewe alimwaga damu yake kwa ajili yetu tulipokuwa tungali adui zake.

Ufanye nini wewe?

1. Kama umetimiza miaka 18, una afya, na uzito wako ni kilo 50 au zaidi, waweza kutoa damu. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asitoe.

2. Usiogope kuishiwa. Kwa kawaida huchukuliwa chini ya nusu lita. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Mwanamume apumzike miezi 3, mwanamke miezi 4, kabla ya kutoa tena.

3. Sindano iwe mpya. Damu ipimwe ukimwi, kaswende, na homa ya ini ya B na C. Jibu maulizo ya muuguzi kwa kweli, maana uongo wako waweza kumwua mwingine.

4. Damu usiiuze. Ni zawadi.

5. Kisha unywe maji mengi, ule maharage, sombe na lenga-lenga.

6. Nyumbani, walaze watoto ndani ya chandarua kila usiku, ili wasifikie hatari hiyo.

Maulizo

1. Ni dalili gani zinazoonyesha mtoto amepungukiwa na damu?
2. Msamaria alimfanyia mgonjwa kazi gani?
3. Ni nani usiyependa kumpa damu yako? Mtaje mbele za Mungu.

Sala: Ee Bwana, uliyetupenda tulipokuwa mbali, tuondolee hofu na chuki. Utupe mikono iliyo tayari usiku na mchana. Amina.