SOMO LETU: JE, KUNA DHAHABU NDANI YA MFUPA ULIOGEUKA JIWE?



Tulipotembelea kikundi kimoja huko Migori, tuliulizwa hivi: "Tukipata mfupa uliogeuka jiwe, na ndani unang'aa, si ni dhahabu hiyo?" Walikuwa karibu kutoa pesa za akiba wanunue mawe ya namna hiyo. Tukawaomba wangoje kwanza. Haya, tujifunze pamoja.

Mfupa unageukaje jiwe?

Angalieni birika la chai. Ukichemshia maji ya kisima miezi mingi, ndani hushika ukoko mweupe. Ukoko huo ni madini yaliyokuwa majini bila kuonekana. Vivyo hivyo, mfupa, kombe au gogo likifukiwa na matope au majivu ya volkano, maji hupenya polepole katika vitundu vyake na kuacha madini humo. Baada ya miaka mingi sana umbo ni la mfupa, lakini uzito ni wa jiwe. Hicho huitwa kisukuku.

Basi ni kweli madini hujiunda ndani ya visukuku. Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, yako magogo yaliyogeuka mawe. Lightning Ridge, nchini Australia, hupatikana makombe na mifupa iliyogeuka opali, jiwe la thamani. Huko Marekani, katika Utah na Colorado, magogo ya kale yalichimbwa kwa ajili ya madini ya urani yaliyokusanyika ndani.

Na dhahabu je?

Dhahabu ya kwetu ina njia nyingine. Ililetwa na maji ya moto kutoka chini sana ardhini, ikabaki katika nyufa za miamba pamoja na lile jiwe jeupe gumu, kwatsi. Miamba hiyo ya Migori na Kakamega ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Wakati huo hapakuwa na mnyama hata mmoja mwenye mifupa! Visukuku vya Karungu, huko huko Migori, ni vya miaka milioni 17 hivi. Ni majirani, lakini si ndugu.

Kinachong'aa basi ni nini? Huweza kuwa chokaa inayometameta, au pairiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Pairiti imewadanganya wengi hata ikaitwa dhahabu ya wajinga.

Jinsi ya kupima chembe uliyookota

1. Igonge kwa nyundo. Dhahabu hubonyea, pairiti husagika.
2. Ikwaruze nyuma ya kigae cha sakafu, upande usio laini. Dhahabu huacha mstari wa manjano, pairiti mweusi.

Lakini msivunje mfupa ili kupima. Fuvu la Proconsul lililopatikana kisiwani Rusinga mwaka 1948 limefundisha dunia nzima. Kama mtu angelipasua akitafuta dhahabu, tungekosa vyote viwili. Tena sheria ya mwaka 2006 inavilinda visukuku. Ukikiona, kiache mahali pake, upeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa.

Maswali ya kujadiliana

- Mtu akituletea "jiwe la dhahabu", tutalipima vipi kabla ya kufungua sanduku la akiba?
- Ni nani kikundini atakayepeleka habari tukiona kisukuku?
- Watoto wetu wanaochunga mifugo wanajua wasivunje mawe yenye umbo la mifupa?