Bidoni ya Maji

Mboko iko kando ya ziwa Tanganyika, katika njia ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Watu wake huvua samaki na kulima mihogo. Wengi huchota maji ziwani. Lakini maji hayo huweza kuwa na vijidudu vya kolera. Mgonjwa wa kolera huharisha na kutapika sana. Asipotibiwa upesi, aweza kufa kwa saa chache.

Kolera inapozuka pande za Fizi, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu husimama mahali pa kuchotea maji. Hutia dawa ya klori katika kila bidoni. Kisha humwambia mwenye maji angoje dakika 30 kabla ya kunywa. Wengine hukataa kwa sababu ya harufu ya dawa. Watu wa kujitolea hawagombani nao, bali hueleza tena kwa upole.

Kazi hiyo si ya mshahara. Nao wana mashamba na watoto kama jirani zao. Lakini wajua kwamba bidoni moja ya maji mabaya yaweza kuleta msiba nyumbani. Yesu alifundisha kwamba anayemnywesha mwenye kiu amemnywesha yeye mwenyewe.

Maswali
1. Kwa nini maji hutiwa dawa?
2. Wewe waweza kuwasaidia jirani kwa kazi gani?