Taa Moja ya Kirikuu Imegoma? Kagua Kabla Hujapakia

Nyanya huvunwa jioni na kusafirishwa usiku. Ukienda na taa moja ya mbele, dereva unayepishana naye anadhani ni bodaboda. Iliyozima ikiwa ya kulia ni hatari zaidi, maana ndiyo iliyo upande wake. Fuata mpangilio huu.

1. Balbu. Chukua ya upande unaowaka, weka upande uliozima. Ikiwaka, nunua balbu tu. Jaribu fuli na dimu, kwa sababu balbu ya H4 ina nyuzi mbili. Mmoja unaweza kukatika mwingine ukabaki.

2. Fyuzi. Gari nyingi zina fyuzi ya kila upande. Iliyokatika weka nyingine ya ampea zilezile. Usifunge waya, utaunguza gari. Mpya ikikatika tena, kuna waya uliochunika unagusa bodi. Muone fundi umeme.

3. Soketi na ethi. Tope na maji huleta kutu. Chomoa, safisha kwa msasa laini, kaza. Taa inayowaka kinyonge mara nyingi ni ethi mbovu.

Zimezima zote mbili kwa pamoja? Anza na fyuzi, rilei na swichi, siyo balbu.

Ukibadili balbu, zima taa, iache ipoe, na usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya mkono huiua mapema.

Tembea na balbu moja na fyuzi za akiba. Ikishindikana, lala, ondoka kukipambazuka. Bei ya sokoni ikishuka utavuna tena.